Marimba ya mkono kwa spoku za baiskeli: kuiunda nyumbani, kuityuni na kuiunganisha na spika

Spoku nne za baiskeli na vipande vya mninga ambavyo seremala alikuwa akivitupa vinatosha kuunda marimba ya mkono yenye vyuma 9 vya kupiga kwa madole gumba, inayoimba vizuri kiasi cha kumfanya jirani aulize imetoka duka gani. Hapa nitakupitisha kazi yote, kuanzia kuchagua mbao hadi kuifungia kipokea sauti cha umeme, ili ukitaka isikike kwenye sabufa isikike. Ni mradi mzuri kwa mtu anayetaka kitu cha kufanya na mikono yake baada ya kazi. Haudai karakana, na ukimaliza unabaki na chombo cha kupigia muziki, si pambo la kabatini.

Chombo hiki ni chetu tangu zamani. Wagogo wa Dodoma wanakiita ilimba, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alikipiga kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya pamoja na zeze. Kongo wana likembe, na Wazimbabwe wana mbira, ambayo UNESCO iliiandikisha kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020 kwa niaba ya Malawi na Zimbabwe. Miaka ya 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alianza kuunda na kuuza kwa wageni aina aliyoiita kalimba. Kutoka hapo ndipo zikaja kalimba za kiwandani za vyuma 17 zinazouzwa leo mitandaoni. Sina neno na wanaozinunua. Lakini aliyeiunda yake anajua kwa nini chuma fulani kinakwama na anajua pa kugusa, na hilo huwezi kulinunua.

Vitu vya kutafuta

Mbao kwanza. Mninga ndio chaguo langu, na nina sababu. Mti huohuo ndio Washona wa Zimbabwe wanautumia kwa ubao wa mbira, na ndio Tracey alioutumia kwa kalimba zake. Una ugumu wa kutosha kubeba mbano wa vyuma, na bado ni mwepesi kiasi cha kutikisika. Ukikosa mninga, mkangazi unafaa. Mpaini laini utakupa sauti nyonge na utabonyea chini ya vyuma. Nenda kwa seremala wa samani jioni anapofagia, umwombe mabaki. Chagua kipande kikavu: kigonge kwa kifundo cha kidole, kikijibu kwa mlio badala ya kishindo, kichukue.

Unahitaji:

- ubao wa juu wa sentimita 18 kwa 13, unene milimita 5. Mwombe seremala aurande mpaka hapo, maana mkononi ni kazi ndefu;
- mbao za kando zenye kimo cha sentimita 3 na unene wa milimita 12;
- plaiwudi ya milimita 3 au 4 kwa mgongo;
- kipande cha mbao ngumu cha kuweka ndani: sentimita 10.5 kwa 4, unene sentimita 1.5;
- vijiti viwili vya mbao ngumu sana (mpingo ukipatikana, au mkongo) vyenye urefu wa sentimita 11;
- nondo ya mraba ya milimita 8, urefu sentimita 11, yenye matundu 4 ya milimita 4. Fundi wa kuchomelea atakutobolea kwa dakika chache;
- bolti 4 za milimita 4, urefu sentimita 4, pamoja na nati na washa;
- spoku 6. Zitatumika 4, mbili ni za akiba;
- gundi nyeupe ya mbao, gundi ya epoksi kidogo, msasa wa namba 80, 120 na 240, na tyubu chakavu ya baiskeli.

Vifaa vya kazi ni nyundo yenye uso laini, tupa, msumeno wa chuma, drili, koleo, na kipande kizito cha chuma cha kupondea. Kipande cha reli ni bora kuliko vyote, ila hata uso wa nyundo kubwa iliyolazwa chini unafaa. Vaa miwani. Spoku ikikatwa huruka, na jicho halina spea. Vumbi la mninga nalo linawasha pua na kifua, kwa hiyo funga barakoa unapopiga msasa.

Kuhusu spoku: za baiskeli kubwa, zile za matairi ya inchi 28, zina urefu wa karibu sentimita 29 na unene wa milimita 2. Chukua za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki au zile zisizoshika kutu, zote zinaimba. Jambo moja usilifanye kamwe: usizichome motoni mpaka ziwe nyekundu ili zilainike. Chuma cha spoku kinapata urukaji wake kwa kuvutwa kikiwa baridi kiwandani. Ukikichoma kinakuwa kama waya wa kufungia nondo, kinapinda na hakirudi.

Sanduku

Kata mbao nne za kando ziunde fremu ya sentimita 18 kwa 13 kwa nje. Zipake gundi kwenye pembe, ziweke sawa juu ya meza, halafu kata tyubu ya baiskeli kuwa mkanda mrefu na uizungushe fremu nzima huku ukiivuta kwa nguvu. Mpira unabana pembe zote nne kwa pamoja kuliko klampu za bei, na hauachi alama. Acha mpaka kesho yake.

Wakati fremu inakauka, shughulikia ubao wa juu. Chagua upande mmoja mfupi uwe kichwa. Kutoka kichwani pima na uchore mistari mitatu inayokatisha ubao: wa kwanza sentimita 3.5, wa pili 4.7, wa tatu 6. Mstari wa kwanza ni wa kijiti nitakachokiita kizingiti, wa pili ni wa ile nondo, nayo tuiite kibano, na wa tatu ni wa daraja. Halafu weka alama sentimita 13 kutoka kichwani, katikati ya upana, na utoboe hapo tundu la sauti lenye upana wa sentimita 3.5. Huna kikata duara? Toboa vitundu vidogo kuzunguka mstari, ondoa kitovu, maliza kwa tupa ya mviringo.

Kile kipande kinene cha mbao ngumu kigundishe upande wa chini wa ubao, chini ya mistari yote mitatu. Wengi wanakiruka hiki kipande, kisha wiki ya pili ubao unaanza kubonyea na sauti zote zinashuka. Kibano cha vyuma 9 kinavuta ubao kwa nguvu kubwa, na ubao wa milimita 5 peke yake hauwezi kustahimili.

Gundi ikishika, weka nondo juu ya mstari wa pili, tumia matundu yake kama kielelezo, na toboa ubao na kipande cha ndani kwa pamoja. Matundu mawili yawe mwishoni mwa nondo, kulia na kushoto, na mengine mawili yawe mahali patakapokuwa kati ya chuma cha 3 na cha 4, na kati ya cha 6 na cha 7, ukihesabu kutoka kushoto. Vyuma vitakaa kwa umbali wa milimita 11, katikati hadi katikati, kwa hiyo chora nafasi zao 9 kwa penseli kabla hujashika drili. Pitisha bolti kutoka ndani kwenda juu, vichwa vibaki ndani, na uvifunge kwa epoksi visizunguke. Kwa njia hii utaweza kukaza kibano kutoka juu wakati wowote, hata baada ya sanduku kufungwa.

Sasa gundisha ubao wa juu kwenye fremu. Mgongo usiufunge bado. Ukitaka kuweka umeme, utaingilia hapo.

Daraja na kibano

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu kwa makini, iwe hii. Sauti ya marimba inaamuliwa mahali chuma kinapogusa daraja. Mbao nzuri, vyuma vizuri na rangi nzuri havitaokoa mgusano mbaya.

Daraja liwe na kimo cha milimita 10 na unene wa milimita 8. Kwenye mgongo wake chonga mfereji mwembamba kwa kona ya tupa, kisha lalisha ndani yake kipande cha spoku nzima, isiyopondwa, na ukigundishe kwa epoksi. Hiyo ndiyo reli ambayo vyuma vyote vitakaa juu yake. Chuma juu ya chuma hutoa mlio safi unaodumu, wakati chuma juu ya mbao tupu hula mlio na baada ya muda kinachimba shimo. Kizingiti kiwe kifupi kidogo, milimita 7, na hakihitaji reli. Gundisha vyote viwili, na uhakikishe daraja limelala bapa kabisa bila mwanga kupita chini yake.

Ile nondo ya kibano ina kona kali. Upande utakaogusa vyuma ukwangue kwa tupa mpaka uwe mviringo. Kona kali inauma chuma mahali pamoja, na wakati wa kutyuni chuma kitagoma kusogea au kitasogea kwa kuruka.

Mpangilio ukikamilika, kila chuma kitapanda juu ya kizingiti, kitapita chini ya kibano, kitapanda tena juu ya daraja, kisha kitaelea hewani kuelekea kwako. Kile kipande kinachoelea ndicho kinachoimba.

Kuponda spoku

Kata spoku kwa vipimo hivi, ambavyo vimejumuisha mkia wa sentimita 3.5 wa kukaa nyuma ya daraja: milimita 100, 96, 93, 88, 85, 81, 78, 76 na 73. Kila spoku inatoa vipande vitatu vifupi, au viwili virefu na kibaki.

Weka kipande juu ya reli na uanze kuponda kutoka katikati kuelekea ncha moja, kisha urudi katikati uelekee ncha nyingine. Mapigo yawe mafupi na yaliyonyooka, uso wa nyundo ukilala bapa juu ya chuma. Ukipiga kwa ukingo wa nyundo utaacha makovu, na kila kovu ni mahali chuma kitakapokuja kukatikia. Utaona kipande kinaanza kujikunja juu kama kinataka kusimama. Kigeuze, piga upande wa pili, nacho kitarudi kulala. Endelea hivyo kwa kugeuza mara kwa mara. Mlio nao unabadilika. Mwanzoni nyundo inazama kidogo, na kadiri chuma kinavyokuwa bapa na kigumu nyundo inaanza kurushwa juu, mlio unakuwa mkali. Hapo umekaribia. Lengo ni unene wa karibu milimita 1, ambao utakupa upana wa milimita 3 hivi. Ukiona nyufa ndogo kwenye kingo, acha mara moja. Chuma kimechoka.

Ponda mpaka mkiani. Mkia ukibaki mviringo utabiringika chini ya kibano, na chuma kitalala ubavu. Ncha ya mbele, sentimita 1 ya mwisho, iponde zaidi ifunguke iwe na upana wa milimita 5, maana hapo ndipo dole gumba litakapokaa. Ncha hiyo ipindishe juu kidogo sana. Halafu chukua tupa, kisha msasa wa 240, ulainishe kingo zote na ncha mpaka uweze kupitisha ngozi ya ndani ya mkono bila kukwaruzika. Usilifanyie haraka hili. Marimba yenye ncha kali inachana kucha, na mtu akishaumia haipigi tena.

Kwa nini vipimo vile? Sauti ya chuma kilichobanwa upande mmoja inapanda kadiri unene unavyoongezeka, na inashuka kwa mraba wa urefu. Maana yake, ukikata urefu unaoelea hadi nusu, sauti haipandi oktevu moja (umbali wa noti hadi noti ya jina hilohilo iliyo juu yake) bali mbili. Kwa oktevu moja, zidisha urefu kwa 0.707. Nimeanza na chuma kirefu kinachoelea milimita 65, nikagawa kwa kipeuo cha uwiano wa kila noti ya mfumo wa noti tano. Urefu unaoelea, kutoka daraja hadi ncha, ni milimita 65, 61, 58, 53, 50, 46, 43, 41 na 37.5. Chuma cha milimita 65 chenye unene wa milimita 1 kinatoa karibu hezi 196 (mitikisiko 196 kwa sekunde), yaani G iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda. Nyundo yako haitatoa unene ulio sawa kabisa kwa vyuma vyote, kwa hiyo vipimo hivi ni pa kuanzia tu. Sikio ndilo litakalomaliza.

Kupanga na kutyuni

Kirefu kuliko vyote kinakaa katikati. Kinachofuata kinakaa kushoto kwake, kinachofuata kulia, tena kushoto, tena kulia, mpaka vifupi vifike pembeni. Ukipiga ngazi ya noti kutoka chini kwenda juu, madole gumba yako yanapokezana, na nyimbo nyingi zinatoka bila kidole kimoja kukimbizana na chenyewe.

Legeza nati, ingiza vyuma vyote, kisha kaza nati zote nne kidogo kidogo kwa zamu, kama unavyokaza nati za tairi la gari. Kaza mpaka chuma kisisogee kwa kidole lakini kisogee kwa kugongwa na nyundo ndogo. Mlio ukiwa mfupi na mkavu, ongeza mbano. Ukikaza sana mpaka ubao unalia, umepitiliza.

Pakua programu ya kutyuni gitaa kwenye simu, ile inayoonyesha noti na hezi. Kwa chuma kirefu tafuta 196, na vinavyofuata 220, 247, 294, 330, 392, 440, 494 na 587. Hizi ni G, A, B, D, E, kisha G, A, B na D za juu. Ukitaka kushusha sauti, gonga mkia ili chuma kisogee mbele, urefu uongezeke. Ukitaka kupandisha, weka kijiti cha mbao kwenye ncha na ugonge kurudisha nyuma. Milimita moja ni mwendo mkubwa kwenye vyuma vifupi, kwa hiyo gonga kwa upole. Ukimaliza vyote 9 rudi ukague cha kwanza, kitakuwa kimehama. Hiyo ni kawaida, mbano unajigawa upya. Mzunguko wa tatu kwa kawaida vinatulia.

Kama chuma kimefika mwisho wa nafasi yake na bado noti haijapatikana, kuna njia nyingine. Kwangua ncha kwa tupa, sauti itapanda kwa sababu umepunguza uzito. Kwangua karibu na daraja, itashuka kwa sababu umekilegeza. Au bandika tone la lehemu au nta ya nyuki chini ya ncha, itashuka pia.

Chuma kimoja kikitoa mlio mfu wakati vingine vinaimba, kichunguze pale darajani. Mara nyingi kina kinundu upande wa chini na hakijakaa sawasawa juu ya reli. Kitoe, kilalishe kwa nyundo, kirudishe. Kama kinavuma kwa kugusana na jirani yake, kisogeze ubavuni.

Ukishazoea noti za kinanda, jaribu kuziacha. Ilimba ya Wagogo haifuati noti za piano. Vipimo vyake viko karibu na sauti za asili zinazotoka kwenye uzi au filimbi isiyo na matundu, na ukizisikia mara ya kwanza sikio lililozoea kinanda linashtuka kidogo, kisha linapenda. Chukua wimbo wa kwenu unaoujua tangu utotoni, uimbe polepole, na utyuni vyuma vifuate sauti yako mwenyewe badala ya simu. Mimi naona hapo ndipo marimba ya kujiundia inapoishinda ya kiwandani kwa mbali.

Mvumo

Wageni wengi wanataka mlio safi kama kengele. Masikio yetu yanapenda mvumo, ule ukungu wa sauti unaozunguka noti. Wagogo huweka tundu kwenye sanduku na kuliziba kwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaofungia mayai. Toboa tundu la milimita 8 upande wa mbele wa sanduku na ulibandike utando huo, au karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, bila kuikaza sana. Itatetema kwa kila noti nzito. Njia nyingine ni kuzungusha pete ya waya mwembamba kwenye mkia wa kila chuma, nyuma ya daraja, ilegee kidogo. Weka kwenye vyuma vitatu vya chini kwanza uone kama unaipenda.

Kuifungia umeme

Kundi la Konono No.1 la Kinshasa, lililoanzishwa na marehemu Mawangu Mingiedi, lilijulikana duniani kwa likembe za umeme zenye vipaza sauti walivyojiundia kwa sumaku na vipuri vya magari chakavu. Sisi tutatumia njia rahisi zaidi: kisahani cha piezo.

Ni kile kisahani cha shaba ya manjano chenye duara jeupe katikati, upana milimita 27. Kipo kwenye kengele za mlangoni, vichezeo vinavyolia, saa za kuamsha na maikrowevu mbovu, na mafundi redio wanakiuza kwa bei ndogo. Kikitikiswa kinatoa umeme mdogo, na umeme huo ndio sauti.

Lehemu waya wa ishara kwenye duara jeupe na waya wa ardhi kwenye ukingo wa manjano. Tumia waya wenye wavu wa nje, ule wa maikrofoni, la sivyo utasikia mngurumo wa umeme wa nyumba. Gusa duara jeupe kwa sekunde moja au mbili tu. Joto likizidi, ule weupe unabanduka na kisahani kimekufa. Fanya kazi hii penye hewa na unawe mikono baadaye, lehemu nyingi zina risasi.

Kibandike kisahani ndani ya sanduku, upande wa chini wa ubao wa juu, mara baada ya kile kipande kinene, kati yake na tundu la sauti. Gundi iwe nyembamba na igusane pote. Spongi au utepe mnene unameza sauti za juu. Toboa tundu kwenye ubao wa kando na ufunge soketi ya jeki ya milimita 6.35.

Ukichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya ya gitaa, itafanya kazi. Ukichomeka kwenye sabufa ya sebuleni, sauti itakuwa nyembamba, kama inatoka kwenye kopo. Sababu ni hii: kisahani cha milimita 27 kina uwezo wa kuhifadhi umeme wa karibu nanofaradi 20. Kikikutana na ingizo la sabufa lenye omu 10,000, kila sauti iliyo chini ya hezi 800 hivi inaanza kupotea, na noti zetu zote 9 ziko chini ya hapo. Kikikutana na omu milioni moja, kikomo kinashuka hadi hezi 8, na hakuna kinachopotea.

Kwa hiyo weka saketi ndogo katikati. Inahitaji transista moja ya aina ya 2N5457, J201 au 2N3819, resista ya omu milioni 1, resista ya omu 4,700, kapasita ya mikrofaradi 10, na betri ya volti 9. Waya wa ishara kutoka kwenye kisahani unaingia kwenye mguu wa geti. Resista ya milioni 1 inaunganisha geti na ardhi. Mguu wa dreni unakwenda kwenye chanya ya betri. Mguu wa sosi unakwenda ardhini kupitia resista ya 4,700, na kutoka hapohapo kwenye sosi unachukua sauti kupitia kapasita, upande wake wa chanya ukitazama sosi, hadi kwenye jeki. Hasi ya betri ni ardhi. Mpangilio wa miguu unatofautiana kati ya transista hizi, kwa hiyo angalia mchoro wa ile uliyonunua kabla ya kulehemu. Tumia betri tu, usifikirie kuiunganisha na umeme wa ukutani kupitia adapta chakavu, kwa kuwa unaishika kwa mikono miwili.

Weka swichi ndogo. Bila swichi betri itaisha ikiwa kabatini.

Kufunga mgongo na kupamba

Jaribu kila kitu kabla ya kufunga. Kisha funga plaiwudi ya mgongo kwa skrubu ndogo 6, si gundi, ili uweze kurudi ndani kubadili betri. Ukitaka, toboa tundu la sentimita 1.2 mgongoni mahali kidole cha kati kinapofika. Ukilifunga na kulifungua noti ikiwa inaendelea kulia, sauti inayumba vizuri sana.

Kwa mapambo, ubao wa juu uache karibu mtupu. Piga msasa mpaka 240, pangusa, paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, safu moja au mbili nyembamba. Rangi nzito juu ya ubao wa sauti inauziba. Kando na mgongoni uko huru. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora picha zake kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, na rangi hizohizo za kopo zinashika vizuri kwenye plaiwudi. Chui wa mgongoni juu ya marimba ya spoku ana haki ya kuwepo. Ukipenda kuchoma, pasha msumari wa inchi 4 kwenye mkaa, ushike kwa koleo, na uchore nukta na pembetatu kwenye kingo. Jizoeze kwanza kwenye mabaki.

Kuitunza

Ukiishi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani itaanza kula vyuma vya zinki vilivyopondwa, kwa kuwa nyundo imeshavua ngozi yao. Vipanguse kila baada ya kupiga, na mara moja kwa mwezi vipake mafuta ya cherehani kwa ncha ya kitambaa, ukiepuka mahali vinapokaa juu ya daraja, kwa sababu mafuta pale yanafanya chuma kiteleze na kutoka kwenye noti. Mvua zikianza, mbao inavimba kidogo na sauti zinahama. Kaza nati robo mzunguko, utyuni tena, uendelee. Chuma kikikatika, zile spoku mbili za akiba ndio kazi yake.